Helmeti ya Kaka Mwita

Mwendesha bodaboda wa hapa Bomani, mjini Tarime, akininyooshea helmeti ya abiria, huwa namrudishia. Wengi wanadhani naogopa kuharibu nywele. Wale wanaojua kuwa mimi ni mwalimu hunishangaa zaidi: mwalimu mzima hajui sheria za barabarani? Siwajibu. Ningeanzia wapi kuwaambia kwamba ile harufu ya sponji iliyolowa jasho la watu, ikakauka juani, ikalowa tena, inanirudisha Machochwe, jikoni kwa mama, ambako helmeti ya kaka yangu Mwita inaning'inia kwenye msumari na kuku anatagia humo? Basi napanda kichwa wazi, na trafiki akinisimamisha namsikiliza mpaka achoke.

Kwetu habari za helmeti ile hatuzisimulii. Mgeni akiuliza, mama humwambia ni ya pikipiki iliyouzwa. Lakini nimezibeba muda mrefu na leo nakusimulia wewe, kwa sababu huna ndugu Machochwe wa kwenda kumpelekea maneno. Kaka yangu aliingiza kichwa chake katika chombo kile kikiwa kizima, kikatoka si kizima, na sisi tuliompenda kuliko watu wote duniani ndio tuliomshika mkono na kumsindikiza.

Mwita alikuwa mtoto wa kwanza, mimi wa mwisho. Katikati yetu wapo wengine, lakini wao wana habari zao. Alikuwa mkubwa tangu utotoni, mkubwa wa kumfanya fundi cherehani acheke anapompima, na alikuwa mpole kama watu wengi wakubwa walivyo. Mimi na yeye tulikuwa na mchezo wetu wa macho. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono magotini, nami nilisimama mbele yake nikimrushia vidole usoni, karibu kabisa na kope, bila kumgusa. Akipepesa ameshindwa, na adhabu yake ilikuwa kunibeba mabegani mpaka mtoni na kunirudisha. Wavulana wa rika lake walijaribu pia. Walimpulizia pumba, wakamrushia maji, mmoja alileta kijinga cha moto karibu hata mama akapiga kelele. Mwita aliwatazama tu. Mbele yangu peke yangu ndiko alikoshindwa, tena kila siku. Nilikuwa bado sijaanza shule na tayari nilikuwa natamba kijiji kizima kwamba vidole vyangu vina nguvu ambayo wavulana hawana. Kule juu mabegani, nikinusa nywele zake zenye harufu ya moshi na maziwa, niliamini hivyo kwa moyo wote.

Kwa Wakurya jambo hili la macho halikuwa mchezo mtupu. Kijana akipelekwa jando, alfajiri ya Desemba yenye baridi, husimama mbele ya kisu na ukoo mzima humtazama usoni. Hawatazami kingine. Akikunja uso, akipepesa macho kwa uchungu, aibu yake inahesabiwa kwa baba yake, kwa mama yake na kwa watoto atakaowazaa. Mwaka wa Mwita nilikuwa nimebebwa mgongoni na shangazi, mbali na wanaume, pamoja na wanawake waliokuwa wamenyamaza. Kisha wanaume wakalipuka kwa nyimbo, na neno likaja likipita mdomo kwa mdomo mpaka kwetu: hakupepesa. Mama alitupa kanga yake chini na kucheza juu yake. Kaka alirudishwa nyumbani kwa ngoma, amepakwa unga usoni, akitembea taratibu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Tangu siku hiyo ukitaja jina lake katika kata yetu, mtu anakujibu, "Yule asiyepepesa." Baba alilipokea neno hilo kwa furaha kuliko alivyowahi kupokea ng'ombe.

Shangazi huyo ameolewa upande wa pili wa mpaka, mwendo mfupi kutoka Sirari, na ndiye aliyemchukua Mwita akasome sekondari huko. Huko watoto wa shule hucheza raga. Walimu walipouona mwili wa kaka hawakumuuliza anapenda nini. Na huko ndiko alikoonwa na yule tuliyemwita Kocha.

Kocha alifika kwetu wakati wa mahindi kukomaa, siku ambazo wanaume hukesha mashambani wakiwafukuza tembo wanaotoka hifadhini, kwa hiyo baba alimpokea na macho mekundu ya usingizi. Alikuja na shangazi kwa gari la kukodi. Alikuwa mwanaume wa kujaza mlango, mwenye goti lisilokunjika, Mkurya mwenzetu wa upande wa Kenya, wa ukoo wetu hasa. Ujana wake aliumalizia Marekani akicheza ule mpira wao wa helmeti, na goti lilipokufa akabaki kuwafundisha vijana katika chuo kimoja. Kikurya chake kilikuwa kimeingia puani. Sisi watoto tulijificha nyuma ya ghala tukikiigiza.

"Mzee, hii mwili ya huyu kijana siyo ya kuchunga ng'ombe," alimwambia baba. "Huko kwetu iko mchezo ya watu kama yeye. Atasoma bure, atakula bure."

"Wanacheza nini?"

"Futiboli. Lakini siyo ya miguu. Ni ya kugongana."

"Wanagongana wakigombea nini?"

Kocha akaunda umbo kwa viganja vyake viwili vikubwa. Baba akaliangalia umbo lile, akamgeukia mama. "Wanaume wazima wanagombea yai?"

Watu walicheka, Kocha akacheka kuliko wote. Kisha akaacha kucheka. Akasema Wazungu wana nguvu, wana chakula, wana mashine za kunenepesha mikono, lakini kuna kitu ambacho mashine haitoi. "Sisi tumesimama mbele ya kisu," alisema. "Mimi niligongwa miaka yote hiyo na hakuna siku niliomba kutoka. Walikuwa wananiuliza, wewe umetengenezwa na nini? Sasa wananiambia niwaletee mwingine." Nilimwona baba akinyoosha mgongo. Usingizi ulimtoka machoni.

Alichinjwa mbuzi, ikapikwa kichuri, ule mchuzi wetu wa utumbo na nyongo, na Kocha alipoonja ule uchungu wa nyongo alifumba macho na kusema kwamba sasa amefika nyumbani. Alikuwa mtu wa kupendeza. Aliniita, akaniuliza jina, nikamwambia naitwa Bhoke. Tulipoleta maji ya kunawa akamuuliza mama, "Na huyu msichana anaitwa nani?" Mama akamjibu. Chakula kilipokwisha akanitazama tena kwa uso uleule wa furaha, "Na huyu msichana, anaitwa nani?" Wakati wa kuondoka aliaga kila mtu vizuri, akageuka, akaelekea zizini badala ya kwenye gari, akasimama katikati ya ndama akitafuta. Dereva alikwenda kumshika mkono. Tulicheka mpaka mama akatufukuza na mwiko. Kwa muda mrefu ule ukawa utani wa nyumbani kwetu. Nikipeleka uji, Mwita alikuwa akibana pua na kuuliza, "Na huyu msichana anaitwa nani?" Nami nilikuwa naanguka chini kwa kicheko.

Ningepewa siku moja tu ya utoto wangu niirudie, ningechagua ile. Nisingecheka. Ningemshika baba shati na kumwonyesha mtu yule pale zizini, nimwambie, tata, mtazame huyu vizuri, hivi ndivyo watakavyomrudisha. Lakini nilikuwa mtoto, na mtu mzima anayepotea njia kwenye uwanja wetu mdogo lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kuona.

Mwita akaenda. Sitasimulia tulivyolia, kila nyumba inajua namna yake ya kulia.

Baba mdogo alikuwa na duka la misumari na saruji Nyamisangura, na simu ya kioo iliyoweza kuonyesha video. Likizo za shule baba alivaa koti lake, akanichukua, tukasafiri mpaka Tarime kwenda kumtazama Mwita ndani ya simu ile. Majirani wa duka walijazana mpaka wateja wakakosa pa kupita. Picha ilisimama, ikazunguka, ikaendelea, ikasimama tena. Wote walivaa helmeti, wote walikuwa na mabega ya kabati, na tulibishana ni yupi mpaka baba mdogo alipotuonyesha namba ya mgongoni. Mwanzoni baba alikasirika kwa sababu mwanawe hakuwahi kuushika mpira hata mara moja. Kazi ya Mwita ilikuwa kusimama mbele ya mwenye mpira na kugongana na yeyote anayekuja. Kisha siku moja, katikati ya kelele, baba akaielewa kwa njia yake. "Ni kama kurudi na ng'ombe wa kuteka," alitangaza. "Wengine wanaswaga, wengine wanabaki nyuma kuwazuia wenye ng'ombe. Mwita ni wa nyuma." Wazee wakaguna kwa kukubali. Wa nyuma ndio huwa wanaume.

Mimi sikutazama mpira. Nilisikiliza ule mlio. Hata katika spika ndogo ya simu ulisikika: mlio wa gogo linaloangushwa juu ya gogo. Kila uliposikika watu wa dukani waliitikia "yeee!", na mimi niliitikia nao.

Nyumbani mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, hakuna kwingine. Mwita akipiga tulipanda pale sote, baba akashika simu juu na kuweka sauti kubwa. Jioni ninayoikumbuka ng'ombe walikuwa wanaingia, vumbi limetanda, na sauti ya kaka ilitoka ikiwa ya chini.

"Tata," alisema, ndivyo tunavyomwita baba, "siku hizi kichwa kinaniuma. Kinauma hata nikilala. Mwanga unaniumiza."

"Umekunywa dawa?"

"Ukigongwa sana daktari wa timu anakuuliza maswali. Leo ni siku gani, tuko mji gani. Ukikosea wanakutoa. Mimi huwa nakariri majibu kabla." "Nilitaka kujua wewe unaonaje. Nikiwaambia ukweli watanipumzisha. Labda hawatanirudisha tena."

Baba alitutazama sisi, akatazama ng'ombe. Alikuwa na mapenzi mengi usoni, nataka ujue hivyo. Hakuwa mtu mkali.

"Mura," akasema, kwa ule upole wa kumwita kijana, "ulisimama mbele ya kisu, baridi ile, ukoo mzima unakutazama. Hukupepesa. Leo upepese kwa ajili ya yai?"

Mwita akacheka, kicheko kifupi. "Sipepesi, tata."

Mama alikuwa amekunja ncha ya kanga yake mdomoni. Aliitoa, akauliza, "Unakula lakini?" Kaka akasema anakula. Tukashuka kichuguuni. Usiku ule baba aliwasimulia majirani jibu lile, na wote walilisifu, na mimi nililala nikiwa na fahari kwamba yule ni kaka yangu.

Video ya mwisho tuliyoiona dukani ilikuwa hivi. Mlio ule ukasikika, Mwita akaanguka chali, akalala kidogo, akainuka mwenyewe. Watu wakashangilia kuinuka kwake. Akatembea, akapita katikati, akaenda kujipanga upande wa wapinzani, ameinama tayari kwa kucheza, akiwatazama watu wa timu yake. Duka zima lilicheka. "Amesahau boma lao!" mtu alipiga kelele. Baba mdogo alicheka mpaka machozi. Baba alisimama, akachukua kofia yake, akatoka nje, nikamkuta amekaa juu ya mfuko wa saruji akiangalia barabara. Nadhani pale ndipo alipokumbuka mtu aliyesimama katikati ya ndama, lakini sina hakika, na siwezi kumuuliza.

Baada ya hapo Mwita alicheza tena. Kisha hakucheza. Chuo kikasema masomo yamemshinda. Kocha hakupokea simu, na baadaye shangazi alisikia kwamba Kocha mwenyewe yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mkewe haitambui tena tabia yake.

Tulimpokea Mwita kama tulivyompokea alipotoka jando. Ndivyo tunavyojua kupokea. Ngoma, vigelegele, unga, kanga zimetandikwa njiani kuanzia barabarani. Alishuka garini na begi moja lenye helmeti ndani yake, waliyompa iwe ukumbusho, akatembea hatua chache juu ya kanga za wanawake. Kisha akaziba masikio, akachuchumaa, akajikunja kichwa magotini, mwanaume yule mkubwa, katikati ya watu wanaomwimbia. Waliokuwa mbele walinyamaza. Waliokuwa nyuma hawakuona, wakaendelea kupiga ngoma, na ngoma ile iliendelea kwa muda mrefu mno.

Wakati wa kula alitulia kidogo. Nilimletea maji ya kunawa. Alinitazama kwa furaha ya kweli, akamgeukia mama.

"Na huyu msichana anaitwa nani?"

Mama alicheka kwa nguvu. Sote tulicheka, nami nilicheka nikiwa nimeshika birika, nikisubiri abane pua. Hakubana pua. Alikuwa anasubiri kujibiwa.

Yaliyofuata ni yale unayoyadhani. Watu walisema amerogwa na wenye wivu, na baba aliling'ang'ania neno hilo kwa sababu mchawi ni mtu unayeweza kumtafuta. Ng'ombe walikwenda kwa waganga, kisha walikwenda hospitali kubwa Mwanza, ambako daktari kijana alitueleza taratibu kwamba ubongo uliogongwa unahitaji kupumzika, na ukigongwa tena kabla haujapona unaharibika, na hautengenezeki. Akamuuliza baba, bila ubaya wowote, "Kwani hakuwahi kulalamika?" Baba alitazama viatu vyake. Tulirudi Machochwe. Tangu siku ile baba hajawahi kwenda kwenye jando la mtoto yeyote, hata la wajukuu wake, na watu wanasema ni uzee.

Nilikuwa mtu mzima, nimesimama mbele ya darasa langu, mtoto mmoja aliponyoosha mkono na kuuliza kama anaweza kwenda nje, tumbo linamuuma. Alikuwa ameshaanza kutoka jasho. Nikamwambia nenda. Na palepale, chaki mkononi, nikaisikia upya ile simu ya kichuguuni. Kaka hakuwa anasimulia habari za kichwa. Alikuwa ameshika mlango akiomba ruhusa, naye alikuwa mtu ambaye asingetoka bila kuruhusiwa. Sisi sote tulikuwa pale tukimsikia kwa sauti kubwa.

Sikukuu iliyopita nilikwenda nyumbani. Mwita anakaa kwenye nyumba ya nyuma, madirisha yamezibwa kwa magunia kwa sababu ya mwanga. Siku mbaya hupiga ukuta kwa kichwa na mama humwekea mto hapo mahali. Ile ilikuwa siku nzuri. Alikuwa amekaa, mikono magotini, kama zamani juu ya kinu. Nikamwamkia, akaitikia. Sijui kilichonituma. Nilisimama mbele yake, nikanyoosha vidole, nikavirusha usoni kwake, karibu kabisa na kope.

Hakupepesa.

Nikarusha tena. Macho yake yalikuwa wazi, tulivu, yananitazama au yanatazama mahali nilipokuwa. Na hapo, nikiwa na umri huu, ndipo nilipoelewa kwamba vidole vyangu havikuwahi kuwa na nguvu yoyote. Mtu aliyeshinda kijinga cha moto hakushindwa na mtoto wa kitovu kikubwa. Alikuwa anapepesa kwa makusudi, kila siku, ili anibebe. Kijiji kizima kilimsifu kwa macho yake makavu, na mimi peke yangu ndiye aliyempa kile alichowanyima wote.

"Pepesa, kaka," nikamwambia. "Pepesa, twende mtoni."

Niliendelea kurusha vidole mpaka mkono ukachoka. Nje mama aliita kwamba ugali unapoa. Mwita alinitazama kwa macho yale ambayo ukoo wetu ulijivunia, na hakupepesa.